Kukunjua Jamvi

Nilitarajia harufu ya vumbi. Chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Takaungu hakina dirisha ila kitundu kimoja juu ukutani, na kwa miaka yote ninayoikumbuka kilinuka chokaa iliyolowa, mafuta ya taa na panya. Lakini asubuhi aliyofariki bibi, nilipousukuma ule mlango, kilichonipokea ni mwarobaini. Mwarobaini mbichi, mchungu, wa kukaba koo. Nikashika ukuta. Nje wanaume walikuwa wakingoja, mjomba Athmani keshaniita mara mbili, na majamvi mawili yalikuwa pale pale yanapokaa siku zote, nyuma ya mlango, yamekunjwa, yamefungwa kamba ya usumba wa nazi, yamesimama kama watu wawili wembamba waliogeukia ukuta. Kazi niliyopewa ilikuwa moja tu: niyatoe, niyakunjue. Nami nikakaa chini kwenye sakafu ya saruji, nikashindwa kuinuka.

Sisi wa rika hili tuliolelewa na bibi kwa sababu mama zetu walikwenda Uarabuni ni wengi pwani hii. Kila mmoja ana kitu chake kinachomrudisha huko: mlio wa simu, jina la mji, chapa ya sabuni. Changu ni jamvi.

Bibi alikuwa mkali kwa neno hilo la kukunjua. Nikisema "fungua jamvi" alinikatiza. "Mlango ndio hufunguliwa, mama. Jamvi hukunjuliwa." Nikisema "tandika", alisema hapana, kutandika ni baadaye, pale unaponyoosha pembe na kuliweka sawa watu wakae. Kukunjua ni kule kuliachia. Kitu kilikuwa kimejificha ndani ya chenyewe, nawe unakirudishia urefu wake. Alilitumia neno hilo kutwa. Alikunjua leso mbichi kabla ya kuianika, akiipiga hewani mpaka ilie. Alikunjua miguu kwenye kizingiti baada ya sala ya alasiri, mmoja kwanza, kisha wa pili, akiguna. Nikinuna alinishika kidevu: "Kunjua uso, watu watadhani nakunyima chakula." Na jirani aliyekuja kulia kwamba mumewe hamsemeshi aliambiwa akunjue moyo, apike, mengine yatazungumzwa watu wakishashiba.

Majamvi tu ndiyo hayakukunjuliwa ovyo. Yalikuwa ya mtaa mzima, ya msiba peke yake. Harusi zilikuwa na mikeka yake mizuri ya rangi. Wanawake wa mtaa waliyasuka kwa miyaa, majani ya mkoma yaliyochanwa, kabla sijazaliwa, kila mmoja akaleta ukili wake, yaani ule utepe mrefu uliosukwa, kisha wakakaa pamoja wakazishona kili zote kuwa jamvi moja la wanaume na moja la wanawake. Bibi aliujua kila mkono. "Huu wa marehemu fulani, alikuwa na haraka. Huu wangu." Na katika jamvi la wanawake, karibu na ukingo, kulikuwa na ukili mmoja uliopinda, umelegea hapa, umebana pale. Huo ulikuwa wa mama. Aliusuka akiwa msichana mdogo, na wenzake walitaka ufumuliwe. Bibi alikataa.

Baada ya kila msiba alilipiga jamvi juani, akatia majani ya mwarobaini ndani ili wadudu wasile, akalikunja, akalifunga. Siku mtu akija mlangoni akiwa hakuvaa vizuri, akasema "Shikamoo bibi, tumekuja kuchukua majamvi," bibi aliuliza swali moja: "Nani?" Na siku zote kulikuwa na jina.

Mtoto hutafuta kanuni. Mimi niliona kwamba jamvi likikunjuliwa, mtu anakuwa hayupo tena. Kabla ya hapo alikuwa mgonjwa, au kalala, au watu wanalia tu. Jamvi likigusa ardhi, ndipo hakuna wa kumrudisha. Sikuitunga kanuni hii hewani. Nilikuwa na ushahidi, na ushahidi wangu ulikuwa Bi Rehema.

Bi Rehema aliuza kaimati nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku moja wanawe walitoka wakipiga ukemi, mama kakata roho. Vijana wakaja kuchukua majamvi, wakayabeba mabegani, mimi nikiwafuata nyuma. Wakayaweka chini mbele ya mlango wake. Mmoja keshachuchumaa kufungua kamba, na ndani mtu akakohoa. Akakohoa tena. Kisha tukaisikia sauti ya Bi Rehema, kavu, imejaa hasira: "Nani kaniletea majamvi? Rudisheni. Nina unga wa kaimati waumuka kule jikoni, nitakufaje?"

Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Majamvi yakarudishwa nyuma ya mlango hayajakunjuliwa, naye Bi Rehema akauza kaimati mwaka mzima mwingine. Wengine walikiona kisa cha kuchekesha. Mimi niliona jinsi mtu anavyookolewa.

Mama alikwenda Saudia nilipokuwa darasa la pili. Asubuhi ya safari alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka nywele, akizivuta kuliko kawaida, nami nikalia kwa sababu ya nywele. Ndivyo nilivyomuaga: nikilia kwa sababu nyingine.

Alipiga simu siku za Ijumaa, kwa simu ya mjomba Athmani, kaka yake, ambayo kioo chake kilikuwa na ufa uliompita mama shavuni. Mimi nilikuwa mtoto wa kununa. Nilimnunia kwa kuondoka, nikawa namtazama bila kusema. "Kunjua uso nikuone," alikuwa akisema. "Nimetoka kazini mbio kwa ajili ya uso huo." Mara nyingine niliukunjua. Mara nyingine nilimfanya aombe.

Ijumaa ya mwisho alikuwa kajifungia chooni, taa nyeupe juu yake, akinong'ona. Bibi aliuona mkono kabla ya yote.

"Mkono huo una nini?"

"Mafuta ya moto, mama. Umeanza kupoa."

"Kunjua nione."

Mama akauleta karibu na kioo. Vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, vyekundu, vinameremeta. Alijaribu. Nilimuona meno. Kidole gumba kikasogea kidogo tu.

"Leo havitaki," akasema, akacheka. "Vitataka kesho."

"Wamekupeleka hospitali?"

"Watanipeleka."

Mlango ukagongwa huko kwao, mara moja, kwa nguvu. Picha ikageuka ikawa dari, kisha ikawa giza. Siku ile sikuwa nimekunjua uso.

Ijumaa iliyofuata simu haikulia. Wala ile nyingine. Mjomba akamwachia bibi simu yake, na bibi akawa halali wala haogi bila kuwa nayo. Akisali aliiweka kando ya mswala, kioo juu. Aliiweka ndani ya bilauri kwenye kidirisha cha jikoni kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipopatikana, akakaa chini yake na kazi zake zote. Hakujua kuandika ujumbe. Mimi ndiye niliyemshikia kile kidude cha kurekodi sauti, naye akaongea akiwa ameinama, midomo karibu igusane na kioo.

"Mwanangu, ni mimi. Kama huwezi kusema, usiseme. Kohoa tu nisikie."

Kisha tulitazama pamoja alama moja ya kijivu kando ya sauti ile, tukingoja iwe mbili, tujue imemfikia. Siku ya pili tulituma nyingine. Ziliteremka moja chini ya moja, zote na alama moja. Mjomba alikwenda Mombasa kwa wakala aliyempeleka mama, akakuta kufuli mlangoni. Akaenda tena, akamkuta kijana aliyemwambia angoje. Akangoja mpaka ofisi ikafungwa. Aliporudi bibi alitazama mikono yake tu, kama kwamba angeweza kuwa amembeba mama.

Jumatano moja mjomba aliingia hakuvua viatu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha kulala.

"Wasema keshafariki," akasema.

"Wasema nani?"

"Wale wa ofisini. Wasema tangu wiki mbili."

"Ana nini?"

"Wasema ni moyo."

"Moyo wake haukuwa na kitu. Mkono ndio ulikuwa mgonjwa." Bibi alisema hivyo polepole, kama anayemsahihisha mtoto hesabu. "Yuko wapi?"

"Wasema makaratasi hayajatoka. Huenda asiletwe, mama. Huenda wamemzika huko." Mjomba akakaa sakafuni, mtu mzima, na viatu vyake. "Kesho baada ya alasiri tukunjue majamvi. Watu washajua. Tumsomee, tupumzike."

Nami sikusikia kwamba mama amekufa. Nilichosikia ni kwamba kesho, baada ya alasiri, watamuua.

Siku ya pili adhuhuri, wakati wanaume wako msikitini na bibi yuko kwenye mswala, niliingia chumba cha nyuma. Jamvi moja lilikuwa zito kuliko mimi. Nililiangusha, likapiga sakafu kwa kishindo kilichonifanya nisimame nimeshika pumzi. Hakuna aliyekuja. Nikalisukuma kwa mikono miwili, likibingirika, mpaka mlango wa uani, mpaka kichochoroni, mpaka kwenye gofu la nyuma, nyumba ya zamani isiyo na paa ambayo mtini umeota ndani ya ukuta wake na watoto tunaikwepa kwa ajili ya nyoka. Nikarudi kuchukua la pili. Majani makavu yalidondoka njia nzima, na mbuzi mmoja akanifuata akiyala jani kwa jani, akinifutia nyayo. Nikayafunika majamvi kwa makuti yaliyooza. Viganja vyangu vilitoka damu. Sikumbuki kuogopa nyoka.

Walikuja alasiri, kofia zimenyooka, mwalimu wa madrasa mbele. Bibi akaingia chumba cha nyuma mwenyewe, nami nikamfuata kwa sababu sikuweza kutomfuata. Alisimama. Sakafuni, katikati ya vumbi, kulikuwa na duara mbili safi pale majamvi yaliposimama miaka yote, na majani ya mwarobaini yamekwenda mstari hadi mlango wa uani. Akainama akaokota jani moja. Akageuka, akatoa jingine kwenye nywele zangu. Akayafumbata yote mawili, akatoka.

"Majamvi hayapo," aliwaambia.

"Hayapo vipi?" mjomba akauliza. "Nani kayachukua?"

"Kayachukua aliyeyahitaji."

"Basi tutaazima mtaa wa pili. Watu hawawezi kukaa mchangani."

"Athmani. Dadako umemuona?"

"Mama, tafadhali."

"Nimekuuliza. Umemuona kwa macho?"

"Sijamuona."

"Nami sijamuona. Nendeni mkanywe kahawa."

Mwalimu wa madrasa alitaka kusema neno, akautazama uso wa bibi, akaliacha. Wakaondoka mmoja mmoja. Jioni ile nilikula wali wa watu wawili. Nilikuwa nimemuokoa mama, na nilikuwa na njaa.

Yaliyofuata ndiyo ambayo sijawahi kumsimulia mtu. Kila siku nikitoka madrasa nilipitia kwenye gofu kuangalia kamba kama zingali zimefungwa. Jamvi lililokunjwa lina tundu upande wa mwisho, dogo, limejizungusha ndani kama sikio. Nililala kifudifudi juu ya vifusi, nikaweka mdomo pale, nikasema kama bibi alivyokuwa akisema. Kohoa tu nisikie. Kisha niliweka sikio. Nikakaa hivyo mpaka sisimizi wakanipanda. Nilimwambia nimekunjua uso, aje auone. Niliukunjua kweli, mle ndani ya gofu, nikitabasamu peke yangu mpaka mashavu yakaniuma. Nyumbani bibi alikonda. Mtaani mzee mmoja alifariki, watu wakaazima majamvi kwingine, na wanawake wakapita mbele ya mlango wetu bila kusimama. Alama ya kijivu haikuwa mbili.

Mvua za masika zilianza nikiwa shuleni. Nilimuomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni, nikaruka ua, nikakimbia. Nilijua miyaa ikilowa huoza, na kama majamvi yakioza kamba zitakatika, yatajikunjua yenyewe. Nikafika gofuni nimelowa mpaka mfupani. Majamvi hayakuwa yamelowa. Yalikuwa yameinuliwa juu ya mawe manne, yamefunikwa turubai la buluu, pembe zake zimekandamizwa vizuri kwa mawe mengine. Na kwenye matundu ya mwisho mtu alikuwa amechomeka mwarobaini mbichi.

Nilidhani ni mama. Nani mwingine alijua? Nilikaa chini ya turubai lile na majamvi yangu, nikalia kwa furaha. Wiki ile pindo la leso ya bibi lilikuwa na tope jeupe la magofu na miba ya nyasi, nami ndiye niliyelifua, na sikuwaza kitu.

Sanduku lilikuja baada ya Idi. Mjomba na wenzake walilitoa uwanja wa ndege, wakalileta kwa gari la kukodi. Walisema huko keshaoshwa. Bibi akasema hakumuosha yeye. Wakapisha. Akaingia chumbani na wanawake wawili, pazia likateremshwa, nami nikabaki upande wa huku nikiyatazama maji yakitoka chini ya pazia, yakifuata mfereji wa sakafu.

Kwa muda mrefu ilikuwa sauti ya maji tu. Kisha nikamsikia bibi. "Kunjua, mwanangu." Maji. "Kunjua mama, nimekuja. Ni mimi huyu." Sauti ilikuwa ile ile ya kuniomba nikunjue uso, ya upole, ya mtu mwenye siku nzima mbele yake. "Kidogo tu. Kunjua kidogo tu, nikuoshe ndani." Maji yakamwagwa tena na tena. Hatimaye mwanamke mmoja akasema, "Viache, dada. Vitakwenda hivyo hivyo."

Bibi akatoka, mikono imelowa hadi viwikoni.

"Twende tukalete majamvi," akaniambia.

Hakuniuliza yako wapi. Nikamshika leso kwa mikono miwili, nikajivuta chini kwa uzito wangu wote. "Usiyalete. Tukiyakunjua atakufa."

Alinitazama. Sijawahi tena kutazamwa hivyo na mtu yeyote. Akachuchumaa, magoti yakalia, na maji ya mikono yake yakanidondokea miguuni.

"Nami nilidhani hivyo," akasema. "Ndiyo maana sikuyaleta."

Tukaenda pamoja. Aliondoa yale mawe pembe kwa pembe bila kuyatafuta, kwa sababu ndiye aliyeyaweka. Alishika kichwa cha jamvi, mimi mkia, tukarudi mara mbili. Mbele ya watu wote akafungua kamba. Kukunjua jamvi kuna ufundi wake: unakanyaga ukingo kwa mguu mmoja, kisha unalisukuma lililobaki liende mbele. Akaweka mguu wake juu ya ukingo, akauvuta wangu akauweka kando ya wake. "Haya," akasema. Tukasukuma. Jamvi likaenda likijitoa, majani yakimwagika, ukili mmoja baada ya mwingine ukitokea kwenye mwanga, wa huyu, wa yule, hadi ule uliopinda. Bibi alikaa juu ya huo kwa siku tatu. Mkono wake ulikuwa ukiupapasa, pale palipobana na pale palipolegea, na hakuna aliyemwambia asogee.

Haya yote yalinijia nikiwa nimekaa juu ya saruji, asubuhi aliyofariki yeye. Na ndipo nikaelewa harufu. Wiki moja kabla aliniomba nimvunjie matawi ya mwarobaini, nami nilidhani ni ya kuogea homa. Nilimletea nikamwekea kando ya kitanda, nikaenda zangu jikoni. Alikuwa hawezi kufika chooni bila kushikwa. Sijui alifikaje chumba cha nyuma.

"Mama," mjomba Athmani aliniita kutoka nje. Siku hizi anatembea na mkongojo. "Watu wamesimama."

Nikayatoa. Nikalilaza la wanawake mbele ya mlango, nikafungua kamba, nikakanyaga ukingo. Ndani, nyuma ya pazia, walikuwa wakimuosha, nilisikia maji. Watu walinitazama. Sikusukuma. Nina umri wa kuwa na watoto wangu mwenyewe, nimesoma, nimeona maiti zaidi ya moja, na nilisimama pale na mguu mmoja juu ya miyaa nikiwa nimetega sikio kuelekea chumbani.

"Wangoja nini?" mjomba akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Kidogo tu, mjomba."

Akaja polepole, akauegemeza mkongojo ukutani, akavua kiatu, akaweka mguu wake kando ya wangu. Tukangoja wote wawili. Maji yakamwagwa, yakamwagwa tena, yakanyamaza. Hakuna aliyekohoa.

Tukasukuma.